Cheti cha Biashara kwa Mwanafunzi wa Dini: Masomo Matano kutoka Nyundo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwendo wao kwa wema.



Katika darsa zetu muhula huu tumekuwa tukisoma mlango wa mauzo katika fiqhi, na kila wiki linarudi swali lile lile: haya masharti ya salam, ya sarf na ya khiyari yanamhusu nani leo? Wengi wetu tunayahifadhi kwa ajili ya mtihani, tunayaandika, kisha kitabu kinafungwa. Makala hii ni mchango wangu katika kulijibu swali hilo. Nimeijenga juu ya kitu ambacho wanafunzi wa chuo kikuu hukitazama kwa jicho la chini, nacho ni cheti cha mwanzo cha biashara kinachotolewa na shule za ufundi.

Kabla ya kuja hapa kusoma taaluma za Kiislamu, nilisoma uhasibu katika shule ya ufundi nyumbani kwetu Nyundo, wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Nyundo ni mahali pa vilima na mto Sebeya, kilomita chache kutoka mji wa Gisenyi na mpaka wa Goma. Wanaoifahamu huifahamu zaidi kwa kanisa kuu la Kikatoliki na kwa shule yake ya sanaa iliyoanza mwaka 1952. Sisi Waislamu tu wachache, kwani katika sensa ya mwaka 2022 tulikuwa karibu asilimia 2 ya Wanyarwanda wote. Hata hivyo Uislamu na Kiswahili viliingia nchini kwetu kwa njia ya biashara na safari, na hadi leo Muislamu wa Gisenyi ukimtafuta utampata sokoni, gereji au kwenye usukani wa lori. Kwa hiyo suala la biashara kwetu ni suala la kila siku.

CHETI CHENYEWE NI KIPI?

Nchini Rwanda elimu ya ufundi imepangwa kwa ngazi. Mwanafunzi akimaliza miaka mitatu ya mwanzo ya sekondari anaweza kwenda shule ya ufundi na kusoma ngazi ya 3, ya 4 na ya 5, sambamba na miaka mitatu ya juu ya sekondari. Ngazi ya 6 na ya 7 ni za vyuo vya Rwanda Polytechnic. Msimamizi wa mafunzo ni Bodi ya TVET ya Rwanda (RTB), iliyoanzishwa mwaka 2020 kuchukua nafasi ya mamlaka iliyojulikana kwa jina la WDA.

Kwa ndugu zetu wa Tanzania, kinachokaribiana na hicho ni Astashahada ya Awali, yaani ngazi ya 4 ya tuzo za kiufundi zinazosimamiwa na NACTVET. Vyuo vingi vinaitoa, kikiwemo Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965.

Masomo ya mwanzo hayatofautiani sana popote uendapo. Unasoma hati za biashara, yaani ankara, stakabadhi, vocha ya malipo na hati ya kupokelea mzigo. Unasoma daftari la taslimu na leja, kisha namna ya kutoa urari wa hesabu na mizania. Unasoma kuhesabu mali stoo, kumhudumia mteja, kuandika barua na kuandaa mpango wa biashara. Halafu unatumwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Mwalimu hatosheki na wewe kuijua maana ya urari. Anakupa lundo la stakabadhi zilizochanganyika na kukuambia utoe urari, na pande mbili zisipolingana unarudia mpaka ulione kosa lilipo. Matokeo yake ni kwamba ama umeiweza kazi au bado hujaiweza.

Nilipofika chuoni na kufungua mlango wa mauzo, nilikuta mengi niliyokuwa nimeyashika kwa mikono. Haya hapa masomo matano kati ya hayo.

SOMO LA KWANZA: DENI LIANDIKWE, NA LIANDIKWE PANDE MBILI

Kila mmoja wetu anajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 katika Surat al-Baqara, nayo inahusu kuandika deni. Lakini tuitazame kwa jicho la mwanafunzi wa uhasibu. Aya inataka deni la muda maalumu liandikwe, liwe dogo au kubwa. Inataka mwandishi mwadilifu. Inataka mashahidi. Na inataka mwenye kudaiwa ndiye atamke kile kinachoandikwa. Hili la mwisho lina uzito mkubwa, kwa sababu anayedai akiandika peke yake, maandishi yake ni madai tu. Anayedaiwa akitamka, maandishi yanakuwa kukiri.

Hesabu za pande mbili zina msingi unaofanana na huo. Mtaliano Luca Pacioli alizieleza katika kitabu alichochapisha Venice mwaka 1494, ingawa wafanyabiashara walikuwa wakizitumia kabla yake. Kanuni yake ni kwamba hakuna kinachotoka mahali bila kuingia mahali pengine. Ukimuuzia mtu mfuko wa mchele kwa mkopo wa faranga 40,000, unaandika debiti 40,000 kwenye ukurasa wa mdaiwa na krediti 40,000 kwenye ukurasa wa mauzo. Muamala mmoja unaandikwa mara mbili, ili ukurasa mmoja uwe shahidi wa mwingine.

Sasa niwape mfano wa kweli. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Zaidi ya watu 130 walifariki, Mwenyezi Mungu awape subira wafiwa. Sebeya ulifurika na kuingia katika nyumba na maduka ya Nyundo na ya kituo cha biashara cha Mahoko. Mimi nilikuwa huku chuoni. Shangazi yangu anauza mchele, sukari, maharage na mafuta ya kula pale Mahoko, na maji yaliingia dukani kwake hadi juu ya meza. Yeye na watoto walisalimika, alhamdulillah. Bidhaa nyingi ziliharibika, na daftari lake la madeni, lililokuwa kwenye droo, lilikutwa limekuwa uji. Wino wote ulikuwa umeyeyuka.

Aliponipigia simu nilimwomba jambo moja: asitupe mifuko iliyoharibika kabla ya kuihesabu. Likizo ilipofika tuliketi pamoja kufanya zoezi linalofundishwa shuleni kwa jina la hesabu zisizokamilika. Tulianzia mwanzo wa Aprili, siku aliyokuwa amehesabu mali yote ya duka. Siku hiyo alikuwa na bidhaa za faranga 1,000,000 kwa bei ya kununulia. Mwenye duka la jumla alitupa nakala za ankara, na jumla ya manunuzi hadi siku ya mafuriko ilikuwa 3,200,000. Bidhaa zilizokuwamo dukani usiku ule, nzima na zilizoharibika, zilifika 900,000. Kwa hiyo bidhaa zilizouzwa ziligharimu 3,300,000. Yeye huongeza asilimia 10, kwa hiyo mauzo yote yalikuwa 3,630,000. Jumbe za malipo ya simu, vitabu vya akiba na malipo yaliyokwenda kwa mwenye duka la jumla vilionyesha fedha iliyopokewa kuwa 3,050,000. Kilichobaki ni 580,000, na hayo ndiyo madeni ya mwezi ule.

Shangazi alifurahi kuona idadi imepatikana. Kisha akauliza, "Sawa mwanangu, lakini hizo laki tano na themanini ziko kwa nani?" Hapo hesabu ilinyamaza. Hesabu inaweza kukupa kiasi, lakini jina la mdaiwa haiwezi kukupa. Jina linalindwa na maandishi na shahidi tu. Tukapita kwa wateja mmoja mmoja. Wapo waliokuja wenyewe kabla hatujawafikia wakasema, "Mama, mimi nina deni lako." Jumla ya waliokiri ilifika 410,000. Zile 170,000 zilizobaki hadi leo hazina mwenyewe, na haikufaa kumtuhumu mtu yeyote, kwani dhana haithibitishi deni.

Wale waliokiri nao hawakuwa sawa. Wenye uwezo walilipa. Waliopoteza nyumba na mali walipewa muda, kama aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inavyoelekeza kwa mwenye dhiki. Mmoja alifariki kwenye mafuriko, na warithi wake walikumbushwa kwa upole kuwa deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Familia moja iliyobaki bila kitu shangazi aliisamehe. Katika leja tuliandika kuwa ni deni lililofutwa, na yeye moyoni akanuia sadaka. Leo kila mteja wake wa mkopo ana kadi mbili, moja kwake na moja dukani. Mteja anataja kiasi kwa mdomo wake, anatia saini au dole gumba, na picha ya kadi inakwenda kwenye simu ya kijana wake anayeishi Kigali. Aya ile ameisikia tangu utotoni, lakini anasema ni sasa ndipo ameanza kuifanyia kazi.

SOMO LA PILI: KUHESABU MALI NI MLANGO WA ZAKA

Muislamu anayefanya biashara bila kuhesabu mali yake anaitoaje zaka? Wengi hukadiria. Mtu anatoa kiasi anachoona kinatosha na kusema Mungu anajua nia yangu. Ni kweli Mungu anajua nia, lakini zaka ina kiwango, na kiwango hakijulikani bila hesabu.

Tuchukue duka lililotimiza mwaka wa Hijria. Taslimu ni 4,000,000. Bidhaa kwa bei ya kununulia ni 12,500,000, ila kwa bei ya soko siku ile ni 14,000,000. Madeni yanayotarajiwa kulipwa ni 3,000,000. Rafu, mizani na friji vina thamani ya 2,000,000. Mwenye duka anadaiwa na wauzaji wa jumla 5,000,000.

Mhasibu atakuambia mtaji ni 16,500,000, kwa sababu anathamini bidhaa kwa bei ya kununulia (isipokuwa bei ya soko ikishuka chini yake), na anahesabu rafu na mizani kuwa ni mali. Katika zaka mambo mawili yanabadilika. Kwanza, vitu vya kufanyia kazi visivyouzwa, kama rafu na mizani, havitozwi zaka. Pili, kwa kauli ya wanachuoni wengi, bidhaa zinathaminiwa kwa bei ya soko siku zaka inapowajibika. Kwa wanaoruhusu kutoa madeni unayodaiwa, hesabu inakuwa 4,000,000 kujumlisha 14,000,000 kujumlisha 3,000,000 kutoa 5,000,000, sawa na 16,000,000. Kama kiasi hicho kimefika nisabu siku ile, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, au gramu 595 za fedha kwa wanaopima kwa fedha, zaka yake ni asilimia 2.5, yaani 400,000.

Angalieni kwamba takwimu zote isipokuwa bei ya soko zimetoka kwenye mizania ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa cheti. Anayejua fiqhi bila hesabu ataishia kwenye kauli za wanachuoni. Anayejua hesabu bila fiqhi atazitoza zaka mpaka rafu. Mwenye duka anamhitaji mtu anayejua vyote viwili.

SOMO LA TATU: VIAZI AMBAVYO BADO HAVIJACHIMBWA

Ardhi yetu ni ya volkano, na viazi mviringo ndiyo mazao ya wengi. Mkulima anahitaji mbolea na mbegu leo, na viazi atavichimba baada ya miezi mitatu. Mfanyabiashara anakuja na fedha na kusema, "Nakununulia shamba lako lote sasa hivi." Muamala huu una utata, kwani hakuna ajuaye shamba litatoa kilo ngapi, au kama litatoa chochote. Huu ndio gharari tunaousoma.

Lakini Uislamu haukumwacha mkulima bila njia. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina alikuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakulikataza jambo lenyewe, bali aliweka masharti: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Hii ndiyo salam. Mfanyabiashara hanunui shamba, ananunua kilo 1,000 za viazi vya aina fulani, vya ukubwa fulani, vitakavyokabidhiwa tarehe fulani mahali fulani, na bei analipa yote wakati wa kufunga mkataba. Shamba hili likiharibika, mkulima bado anadaiwa kilo 1,000, na anaweza kuzitafuta kwingine.

Katika masomo ya cheti hii huitwa malipo ya awali kwa msambazaji, na huandikwa upande wa mali mpaka mzigo upokewe. Mwalimu wetu, ambaye hakuwa Muislamu, alitufundisha kuwa hati ya agizo isiyotaja aina, idadi, bei na tarehe si hati. Niliposoma masharti ya salam nilimkumbuka. Hati nzuri ya agizo inakuepusha na ugomvi sokoni, na kwa sharti lile la kulipa bei yote mwanzoni, inakuepusha pia na dhambi.

SOMO LA NNE: SARAFU TATU KWENYE MPAKA MMOJA

Kati ya Gisenyi na Goma kuna njia ambayo watu wetu huiita kizuizi kidogo. Kabla ya mwaka 2020 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka hapo kwa siku, wengi wao wakina mama wenye mboga, maziwa na unga kichwani. Mama anaondoka na faranga za Rwanda, anauza kwa faranga za Kongo au kwa dola, jioni anabadilisha. Vita vilipoingia Goma Januari 2025 na benki za huko kufungwa, taslimu ilikuwa ngumu zaidi, na wabadilishaji wa barabarani wakawa ndio tegemeo.

Mbadilishaji anamwambia, "Dola zako mia nimezipokea, chukua nusu leo, nyingine kesho kwa bei ya leo." Mama anakubali, kwani anamfahamu. Je, muamala huu ni sahihi? Kanuni ya sarf inasema sarafu mbili tofauti zinaweza kubadilishwa kwa kiwango chochote mnachokubaliana, lakini kwa sharti la kukabidhiana pale pale. Kwa hiyo ile nusu iliyocheleweshwa haijatimiza sharti. Ufumbuzi ni rahisi: abadilishe dola 50 zilizo na malipo yake mkononi, na dola 50 nyingine abaki nazo, au aziweke kwa mbadilishaji kama amana, kisha kesho wabadilishane kwa bei watakayokubaliana kesho.

Kuna swali jingine lililo gumu zaidi. Mtu anadaiwa dola, anataka kulipa kwa faranga. Atumie bei ipi? Imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu, akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamruhusu ikiwa ni kwa bei ya siku ile, na wasiachane kukiwa na kitu kilichobaki baina yao. Shuleni nasi tulifundishwa kuandika kiwango cha siku pembeni ya kila muamala wa fedha za kigeni, na tofauti ikitokea baadaye inaandikwa kuwa faida au hasara ya ubadilishaji. Mwenye kumbukumbu ya kiwango cha siku anajua anachodaiwa. Asiye nayo huishia kwenye "nilidhani".

SOMO LA TANO: RIBA KWENYE KITABU CHA MAZOEZI

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa Kiislamu hukwama, na nimeulizwa mara nyingi. Mtihani unasema: mkopo wa 500,000 kwa asilimia 18 kwa mwaka, miaka miwili, tafuta riba. Jibu ni 180,000. Je, ni haramu kulipiga hesabu hilo?

Tujue kwamba katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa laana inamhusu anayekula riba, anayeilisha, anayeiandika na mashahidi wake wawili. Hadithi hii ni nzito, na tusiipunguze uzito. Lakini anayezungumziwa ni mwandishi wa mkataba wenyewe wa riba. Mwanafunzi anayejibu swali la darasani hakuna mkataba aliouandika wala mtu aliyemkopesha. Anajifunza kuitambua, na tusichokijua hatuwezi kujiepusha nacho. Huu ni ufahamu wangu baada ya kuwauliza walimu wangu. Mwenye shaka naye awaulize masheikh wake.

Na faida ya kuitambua naiona kwenye vikundi vyetu. Nyumbani tuna ikimina, kama ndugu zetu wa Tanzania walivyo na vikoba. Ule mchezo wa kuchanga na kupeana kwa zamu bila nyongeza wanachuoni wengi wameuruhusu, kwani ni kukopeshana tu. Lakini vipo vikundi vinavyokopesha wanachama kwa "asilimia tano tu" kila mwezi. Neno "tu" limewafanya wengi walale. Asilimia 5 kwa mwezi ni asilimia 60 kwa mwaka. Aliyekopa 100,000 akalipa baada ya mwaka, kwa hesabu ya kawaida bila kulimbikiza, anarudisha 160,000. Niliwahi kuliandika hili ubaoni mbele ya kikundi cha kina mama wa Kiislamu, wakanyamaza, kisha mmoja akasema, "Kumbe ni ile ile!" Hawakuhitaji hotuba ndefu baada ya hapo. Walihitaji mtu wa kuzidisha tano kwa kumi na mbili.

Kuhusu mafunzo kwa vitendo, chagueni mapema. Rubavu kuna kiwanda cha bia, kuna taasisi za mikopo, na kuna pia maduka ya jumla, ushirika wa wakulima, chai ya Pfunda, hoteli na karakana. Anayesubiri kupangiwa atapelekwa popote. Anayepeleka barua yake mwezi mmoja kabla mara nyingi hupata mahali ambapo moyo wake utatulia.

KWA NINI YANATUHUSU SISI?

Imepokewa katika Sunan at-Tirmidhi kwamba Umar (r.a.) hakutaka mtu auze katika soko la Madina ila aliyeielewa dini. Tumezoea kulisoma hilo kama onyo kwa wafanyabiashara. Naomba tulisome pia kama jukumu letu, kwa sababu mfanyabiashara ataielewa vipi dini ya soko kama anayemfundisha hajawahi kuiona ankara? Al-Khwarizmi, ambaye ulimwengu unamtaja kwa aljebra, katika kitabu chake hicho cha karne ya 9 aliweka sehemu nzima ya mas'ala ya wasia na mirathi. Elimu ya hesabu na elimu ya sharia zilikuwa nyumba moja.

Pia tuangalie mbele. Mwaka 2011 Amana Bank ilianza kazi Tanzania, na mwaka 2023 Uganda ilitoa leseni ya kwanza ya benki ya Kiislamu. Nafasi hizo zinahitaji watu waliosoma fiqhi na wanaoweza kusoma mizania. Na hata asiyefika huko, msikiti wa kijijini kwake una michango, madrasa yake ina ada, na mayatima wana mali. Fitina nyingi katika jumuiya zetu huanza na mweka hazina mwema asiyetoa stakabadhi. Hakuiba, lakini hana cha kuonyesha.

Ushauri wangu kwa anayeweza: likizo ndefu ijayo jiandikishe kozi fupi ya uwekaji hesabu katika kituo cha ufundi kilicho karibu nawe. Asiyeweza aanze na daftari la taslimu la matumizi yake mwenyewe, safu ya mapato na safu ya matumizi, kwa siku thelathini. Na jumuiya yetu ianze kubandika taarifa ya fedha kila mwisho wa mwezi kwenye ubao wa msikiti, ikiwa na namba za stakabadhi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARSA

1. Mdaiwa amekiri kwa mdomo bila maandishi wala shahidi, kisha akafariki. Mdai afanye nini mbele ya warithi?

2. Duka lina taslimu 2,500,000, bidhaa kwa bei ya soko 9,000,000, madeni yanayotarajiwa 1,500,000, pikipiki ya kusambazia ya 1,200,000, na linadaiwa 1,000,000. Tafuta zaka, ukichukulia nisabu imetimia na madeni hutolewa. (Jibu: 300,000. Eleza kwa nini pikipiki haimo.)

3. Shangazi alisamehe deni na kunuia sadaka. Je, angeweza kunuia zaka? Tafuteni kauli za madhehebu mje nazo.

4. Andikeni mkataba wa salam wa kilo 500 za maharage usiozidi nusu ukurasa, kisha mbadilishane na kutafuta mianya ya kila mmoja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na riziki ya halali, awarehemu waliopotea katika maji ya Sebeya, na awafanyie wepesi wenye madeni miongoni mwetu. Amin.

Wallahu a'lam.